Kiboko wa Kivukoni

Ifakara
3 Aprili 1996

Dada Kandida,

Shikamoo. Na mama mpe shikamoo yake, ya kwake iwe kubwa zaidi. Kama mnauliza hali yangu, mimi ni mzima kabisa kuanzia mabega kwenda chini. Kuanzia hapo kwenda juu muulizeni Bi Marsiana wa chumba cha mazoezi hospitalini, maana shingo yangu sasa ni mali yake.

Najua umeshamsimulia mama ile ajali, lakini wewe unasimulia kama mtu anayesoma matangazo kanisani. Kwa hiyo msomee haya. Mama, tulikuwa tunatoka Lupiro kwenye matanga ya baba mdogo. Mbele ya pikapu tuko watatu: Valeriani kwenye usukani, dada katikati, mimi dirishani kama bosi. Tukafika Kivukoni, pantoni iko ng'ambo, tukasimama kwenye foleni kama watu wenye adabu. Mimi nikamwambia dada, tazama kiboko yule, huku upande wangu. Akageuka kutazama. Hapohapo lori la mbao likatukuta kwa nyuma, breki zimemkataa dereva. Paa. Vichwa vyetu vikaenda nyuma, vikarudi mbele, kama majogoo wanaodonoa. Hakuna damu hata tone. Dada akashuka, akapangusa khanga yake, akasema hana kitu, akauliza pantoni inarudi saa ngapi. Ndivyo alivyo binti yako.

Mimi pia siku ile nilikuwa sina kitu. Nilikula ugali wa watu wawili. Asubuhi yake, dada, wewe umeshapanda baiskeli ya Fulgensi muuza samaki kurudi Mofu, mimi nataka kuamka, kichwa kinakataa. Nimelala pale kama gogo, nimeshika nywele zangu mwenyewe kwa mkono ili nijiinue. Hospitalini wakanipiga picha, mfupa mzima. Wakasema ni nyama na mishipa ya shingo iliyovutika ghafla. Wakanivisha kola nyeupe, nene, mpaka kidevuni. Nikipita sokoni watu wananiamkia wakidhani ni padri mgeni. Nawabariki.

Kwa hiyo msiwe na wasiwasi. Kazini pale mashineni, kwenye kukoboa mpunga, wameniambia nipumzike, lakini mnanijua, mtu anayebeba magunia ya kilo mia hapumziki muda mrefu, misuli inanuna.

Ni mimi mdogo wako,
Beatus, padri wa mashineni


Mofu
14 Aprili 1996

Mdogo wangu Beatus,

Marahaba. Mama kaitikia, na kacheka pale kwenye majogoo. Barua imefika kwa mkono wa Fulgensi, inanuka kambale, lakini inasomeka.

Sisi tupo. Mpunga umetoa masuke na ndege kwelea wameshasikia habari. Tangu alfajiri niko juu kwenye jukwaa la dungu naamia ndege, kamba za makopo mkononi, kulia, kushoto, nyuma. Nikichoka mama anapanda, lakini macho yake hayaoni tena mpaka mwisho wa shamba. Shemeji yako Venance hajaandika tangu aende kwenye mashamba ya miwa. Labda yuko njiani, labda ana kazi.

Nina swali, si langu, ni la mama, unajua anavyopenda habari za magonjwa. Maumivu yako yalianza palepale au siku ya pili? Yanapanda nyuma ya kichwa mpaka kwenye jicho? Na vidole je? Kidole kidogo na mwenzake wa jirani vinakufa ganzi, hasa asubuhi? Anasema mkono wake wa kulia unamsumbua hivyo, anataka kulinganisha. Uliza huko wamesema ganzi maana yake nini.

Na fuata maneno ya huyo Bi Marsiana. Usijifanye.

Yule kiboko sikumwona. Alikuwa wapi hasa?

Dada yako,
Kandida


Ifakara
22 Aprili 1996

Dada Kandida,

Shikamoo tena. Mwambie mama vidole vyangu vyote kumi viko kazini, hakuna aliyelala. Maumivu yalianza siku ya pili, yakapanda mpaka nyuma ya jicho, nikawa naona kila mtu ana pacha. Lakini mkono wa mama ni uzee na jembe, asijipachike kwenye ajali ambayo hakupanda. Ajali ni yetu sisi vijana.

Habari za Bi Marsiana ni hizi. Ni mwanamke mfupi, ana mikono kama koleo na sauti ya kubembeleza mtoto. Anasema kola nivae siku chache tu, nikizoea shingo italegea kama mlenda. Tambara la maji ya moto asubuhi na jioni. Mto uwe mwembamba. Kisha nigeuze kichwa kulia polepole, nikitazama bega, nihesabu tano, nirudi, nigeuze kushoto, mara kumi, mpaka pale panapouma, nisipite. Mwanaume mzima nakaa kwenye benchi natazama bega langu kama nimelidondoshea chakula. Na eti nisiweke kitu kichwani miezi mitatu. Miezi mitatu, dada. Alitaja na mambo mengine, habari za ganzi na nini, mimi nilikuwa namtazama nzi ukutani, hayakunihusu.

Sasa nikupe siri. Wazee wa pale mashineni, watu waliobeba magunia kabla hujazaliwa, waliniambia shingo iliyokakamaa dawa yake ni mzigo. Unajitwika kitu kizito, pingili zinakaa kila moja mahali pake, kama vyungu vinavyopangwa. Nikawaambia leteni. Wakanitwika gunia la mpunga. Nikatembea nalo kutoka kwenye mzani mpaka kwenye gari, nikarudi, nikaenda tena, mara tatu, watu wamesimama wanatazama. Kesho yake nikaivua kola nikaitundika msumarini. Shingo imenyooka kama mlingoti wa bendera shuleni.

Usimwambie Bi Marsiana ukimwona, atalia.

Kiboko alikuwa karibu na matete, mkubwa kama nyumba ya mwenyekiti. Ulichelewa kutazama, shauri yako.

Ni mimi,
Beatus Shingo ya Chuma


Mofu
6 Mei 1996

Beatus,

Mama mzima. Mimi pia.

Mpunga wa upande wa mtoni umeinama, umeiva kabla ya mwingine, na maji bado yapo chini. Sitaki kuuacha. Jana usiku viboko walipita kwenye shamba la jirani, wamelala humo kama kwenye mkeka. Kwa hiyo nitaanza kukata wiki hii, mimi na mama, na Brigita wa nyumba ya pili amesema atatusaidia akimaliza wa kwao. Kukata si kazi. Kazi ni kutoa mpunga majini mpaka kwenye uwanja wa kupigia. Unakujua ni mbali.

Nilitaka kukuuliza juu ya ule mzigo. Ulijitwika siku ya ngapi baada ya ajali? Gunia zima au nusu? Chini ya gunia uliweka ngata ya khanga au ya majani? Na lilipokaa kichwani ulisikia nini, maumivu yaliongezeka kwanza halafu yakaisha, au yaliisha hapohapo?

Nijibu vizuri, bila matani. Fulgensi anarudi Ijumaa.

Kandida


Ifakara
9 Mei 1996

Dada,

Shikamoo. Unauliza maswali kama askari wa upelelezi. Mama ndiye anataka kubeba gunia? Mwambie aniachie sifa zangu.

Haya, andika kwenye daftari lako. Ilikuwa siku ya tisa. Gunia zima, lililoshonwa mdomo. Ngata ilikuwa ya khanga, niliazima kwa mama mmoja anayechekecha chenga za mchele hapa. Lilipokaa kichwani, nakwambia ukweli, mwanzo niliona moto. Mtu mwoga angelitupa palepale. Mimi nikakaza meno. Nikasikia shingo inalia ko, ko, ko, kama mlango wa sakristia, halafu kimya. Raha. Siri yote iko hapo, kutokulitupa. Ukivumilia ule moto wa kwanza umepona.

Umeridhika? Nilijua siku moja utakuja kuchukua shule kwangu, ingawa wewe ulimaliza la saba na mimi kalamu ilinichoka darasa la tano.

Msalimie Brigita. Mwambie nauliza kama bado anakimbia kuku.

Beatus Shingo ya Chuma, daktari


Mofu
29 Mei 1996

Kaka Beatus,

Habari za huko. Mwandishi ni mimi Brigita. Dada yako hajui kwamba nakuandikia, na mama yako ndiye aliyenituma.

Kandida ni mgonjwa. Si wa leo. Tangu mlipotoka Lupiro shingo yake haigeuki. Kule juu ya dungu alikuwa akitaka kutazama nyuma anageuka mwili mzima, miguu na yote, na sisi tukawa tunamcheka kwamba amekuwa bibi harusi. Kichwa kilikuwa kinamuuma kila siku. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekufa ganzi muda mrefu, akifunga kuni zinamponyoka. Alitukataza kusema. Alisema Beatus naye aliumia, kaandika kila kitu, sisi tufuate dawa yake.

Basi wiki mbili zilizopita alianza kujitwika. Kwanza ndoo ya maji. Ikamuuma, akasema Beatus kasema mwanzo ni moto. Halafu akajitwika kiroba cha mpunga, nusu gunia, kutoka kule majini. Siku ya kwanza alifika. Siku ya pili alifika lakini alikuwa analia huku anatembea, machozi tu, bila sauti. Mimi nilikuwa nyuma yake na mzigo wangu, nikamwambia tua, dada, tua. Akasema ukitua hujapona. Jumamosi, hatujafika hata nusu ya njia, mkono wa kulia ukaanguka pembeni kama si wake. Mzigo ukamtoka. Yeye akakaa kwenye matope.

Tangu siku hiyo kijiko hakishiki. Kifungo cha blauzi namfungia mimi. Analala amekaa, amegemea magunia, kwa sababu akilala chini kichwa kinazunguka, anatapika.

Kinachonifanya nikuandikie leo ni hiki. Bibi Justa, yule anayeunga mifupa, amemwona. Amesema shingo imepanda mahali si pake, inatakiwa ivutwe. Atakuja Jumapili baada ya misa, na wanaume wawili wa kushika mabega. Mama yako anaogopa. Kandida amekubali.

Wewe uliye karibu na hospitali, sema kitu.

Brigita


Ifakara
31 Mei 1996

Dada Kandida,

Shikamoo.

Usikubali kuvutwa shingo. Brigita akusomee hili mara mbili. Bibi Justa aje anywe uji, aondoke. Asikushike, asikuchue, asikukande. Nimetoka kwa Bi Marsiana sasa hivi, nilimsomea barua ya Brigita amesimama, na alipofika kwenye vidole akakaa. Amesema yale ya ganzi alinieleza siku ya kwanza, ndiyo yale aliyoyasema nikiwa namtazama nzi. Alisema mwenye ganzi arudi hospitali haraka, asingoje. Mliniuliza mwezi wa nne nikawajibu ni uzee wa mama.

Sikubeba gunia, dada. Wala nusu. Wazee walisema yale maneno kweli, lakini siku ile ya tisa nilitaka kuonyesha tu kwamba bado nipo, nikajitwika debe la pumba. Pumba, dada. Nikapiga hatua nne. Nikaona giza, nikakaa chini, nikatapika mbele ya wateja. Wakanibeba kunipeleka kivulini. Hakuna ko, ko, ko. Hakuna raha. Kola sikuitundika popote, niliivaa mpaka katikati ya mwezi huu, na kazi yangu hapa ni kufagia pumba na kushona midomo ya magunia pamoja na akina mama. Mimi pia wananiita Bibi Harusi. Nikikuandikia nilikuwa najiona mimi yule wa zamani, nikaona hakuna ubaya, dada yuko mbali, atacheka.

Ulipouliza ngata ya khanga au ya majani, nilicheka mimi. Nilidhani unanipima kama nadanganya. Nikaongeza.

Jambo lingine. Kiboko hakuwepo. Nilikuwa nimechoka foleni, nikataka tu ugeuke, ukisogea kutazama nikutekenye ubavuni kama tulivyokuwa tunafanya. Bi Marsiana anasema lori likimkuta mtu kichwa kimetazama mbele anaumia, likimkuta amegeuka anaumia zaidi. Mimi nilikuwa nimetazama mbele. Nimeona bora ulijue kwangu.

Fulgensi anaondoka na barua hii sasa. Valeriani amekubali kunileta kesho na pikapu mpaka barabara inapoishia, kutoka hapo tutakuja kwa mtumbwi. Naleta mito miwili ya sufi, na kola yangu, Bi Marsiana ameifua. Kaa hivyohivyo ulivyo, ukiwa umegemea. Usibebe hata ungo.

Beatus


Ifakara
19 Juni 1996

Beatus,

Anaandika Brigita, anayeniuguza hapa hospitalini, maneno ni yangu. Nimemkataza kuyapamba.

Marahaba. Wamenipiga picha, mfupa haujavunjika. Mshipa wa fahamu unaokwenda mkononi umebanwa na uvimbe wa shingoni, na ule mzigo uliukandamiza zaidi. Siku kumi za kwanza nimelala chali, kichwa kimewekewa vifuko vya mchanga kila upande, natazama dari. Sasa nakaa. Daktari anasema mkono utarudi, hajui utarudi wote au nusu. Nilimwuliza kuhusu kuvutwa shingo. Akaniuliza nani alinizuia. Nikamwambia mdogo wangu. Akasema nikushukuru.

Sikushukuru. Hujafika huko.

Nimezungusha yale maneno yako kwa siku kumi kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama. La gunia limeniuma, lakini hilo nalijua, ni wewe. Hata ulipokuwa mdogo uliwahi kumwambia mama umeua nyoka wakati uliua kamba ya mnazi. Lililoniuma zaidi ni lile la kwangu. Mama hana ganzi. Mama hajawahi kuwa na ganzi. Nilikuficha, kwa sababu nyumbani kwetu kuna mtu mmoja tu anayeruhusiwa kuumwa kwa kelele, na ni wewe. Mimi nikiumwa nani atakata mpunga? Ndivyo nilivyojiambia. Ningeandika mstari mmoja wa kweli mwezi wa nne usingenijibu matani. Au ungenijibu, lakini Bi Marsiana angeuona.

Mpunga. Maadamu umebaki huko na mama, kata kwanza uliobaki upande wa mtoni. Ule wa juu unaweza kungoja. Usilaze miganda kwenye maji. Mama asipande dungu, ngazi imelegea. Na wewe, nimeambiwa na Bi Marsiana, hujamaliza miezi mitatu. Usiweke kitu kichwani. Nikisikia umejitwika ili unifurahishe, nitarudi hapo na vifuko vyangu vya mchanga.

Kuhusu kiboko sitaki kuongea sasa.

Kandida


Mofu
7 Julai 1996

Dada Kandida,

Shikamoo. Mama anakusalimu, ngazi ya dungu nimeifunga upya. Brigita asome polepole, hii ni ndefu, na safari hii kila neno unaweza kuuliza watu.

Uliposema nisiweke kitu kichwani hukusema nitoe mpunga vipi. Siku ya kwanza nilisimama kule majini na kiroba changu, watu wote wa upande huu wako kwenye kazi, wanawake wanapita na mizigo kichwani, shingo zimenyooka, wanaimba. Marafiki zangu wa utotoni wakaniona. Wakasema kumbe Shingo ya Chuma amekuja, leo tutaona kazi ya Ifakara. Unakumbuka Krismasi niliwaambia nabeba magunia mawili kwa mpigo? Na wao wanakumbuka.

Nilikishika kile kiroba, dada. Sitakuficha. Nilikiinua mpaka kifuani. Nilikuwa nimeshakata shauri kwamba hatua kumi tu, waone, kisha nitue. Halafu nikamwona mama amesimama kule juu na mkono kwenye paji la uso ananitazama, na macho yake yale hayaoni mbali, alikuwa anatazama tu mahali nilipo. Nikakirudisha chini. Nikawaambia siwezi. Wakasema sema tena. Nikasema shingo yangu mbovu, magunia mawili ilikuwa uongo, kazi yangu Ifakara ni kufagia pumba. Walicheka mpaka ndege wakaruka wenyewe, hakukuwa na haja ya makopo. Ningekuwa na pa kukimbilia ningekimbia, lakini nilikuwa kwenye matope mpaka magotini.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Nimekata miti miwili, nimeshonea magunia matupu katikati, imekuwa machela. Fulgensi akishauza samaki anakuja anashika mbele, mimi nyuma. Tunatoa viroba viwili kwa safari moja, mikono inauma, shingo imekaa kimya. Wanatuita msafara wa mazishi. Wakituona wanavua kofia wanamwombea marehemu. Nami nawajibu marehemu alikuwa mtu mwongo sana, mwacheni aende.

Upande wa mtoni tumeokoa zaidi ya nusu. Mwingine kiboko amekula, na huyu ni wa kweli, nimeona nyayo zake, ni kubwa kama sufuria la harusi. Nilisimama juu ya unyayo mmoja muda mrefu. Nilitaka kukuandikia kitu cha kuchekesha juu yake, sikukipata.

Jana mama aliniuliza kama utaweza tena kutwanga. Nilianza kumwambia utatwanga mpaka kinu kipasuke. Nikaacha. Nikamwambia sijui, mama, daktari naye hajui. Akaendelea kupepeta. Ni mara ya kwanza nimempa jibu fupi hivyo na ni mara ya kwanza sikuona amenitilia shaka.

Kola bakini nayo. Mimi nageuza kichwa kila asubuhi juu ya dungu, kumi kulia, kumi kushoto. Mwambie Bi Marsiana.

Mdogo wako,
Beatus


Ifakara
11 Agosti 1996

Mdogo wangu Beatus,

Utaona mwandiko umelala kama mpunga uliopitiwa na kiboko. Ni wangu. Nimeandika barua hii siku mbili, mistari minne nikapumzika, mistari minne nikapumzika. Kidole kidogo bado hakinisikii, mwenzake ameamka. Kijiko nashika. Kifungo nafunga kimoja, cha juu, kwa hasira.

Bi Marsiana ananiruhusu nirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kola nimeiacha. Natazama bega, nahesabu tano, narudi. Nilimwambia kazi hii nimeifanya tangu mtoto, ni kuamia ndege tu bila ndege. Amependa, sasa anawaambia wagonjwa wote waamie ndege, hata wale wa mjini ambao hawajui dungu ni nini. Lakini amesema wazi kwamba kichwani sitaweka kitu tena. Si miezi mitatu. Nilimwuliza hata ndoo ndogo? Akasema hata ndoo ndogo. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Tangu nina miaka sita sijawahi kutembea njia ya mtoni kichwa kitupu. Sijui mikono nitaiweka wapi.

Kwa hiyo ile machela usiivunje. Wacha wavue kofia.

Venance ameandika. Anakuja mwezi wa tisa. Nimemjibu kwa mkono huu huu ili aone.

Jumapili nilimwomba Valeriani anipeleke Kivukoni. Sikumwambia kwa nini. Nilikaa palepale kwenye foleni, katikati, Brigita dirishani. Pantoni ilikuwa ng'ambo. Nilitazama kulia, kichwa kikaenda mpaka mwisho, nikaona wavuvi wanakausha nyavu. Halafu nikageuza kushoto, upande ule ulioniambia. Kinafika katikati kinasimama. Kimesimama hapo wiki tatu sasa, Bi Marsiana anadhani kitabaki hapo. Mpaka pale kinapofika niliona matete, na mtumbwi, na mwanamke anafua. Kama kuna kiboko yuko zaidi ya hapo, simwoni.

Nilidhani nitakasirika. Nilikaa tu. Pantoni ikaja tukageuza gari tukarudi.

Nikifika Mofu nitakaa upande wako wa kushoto, kwenye mkeka, kwenye mtumbwi, kanisani, popote. Na ukiwa na jambo la kuniambia, la kweli au la kucheka, usiniite kwa nyuma wala kwa upande ule. Zunguka, uje usimame mbele yangu, nikuone uso.

Dada yako,
Kandida